Renoir na kifuniko cha rangi

Mwaka 1841, katika mji wa Limoges nchini Ufaransa, fundi cherehani mmoja alipata mtoto wa kiume aliyeitwa Pierre-Auguste Renoir. Mwaka huohuo Mmarekani aitwaye John Goffe Rand alisajili ugunduzi wa tyubu ya bati ya kuwekea rangi za wachoraji, ndugu wa hii tyubu ya dawa ya meno tunayoitumia leo. Baadaye tyubu hizo ziliwekewa kifuniko kidogo cha kuzungusha. Renoir alizitumia maisha yake yote ya kazi, na ndizo zilizomwezesha yeye na wenzake kutoka ndani na kuchora nje, shambani na mtoni. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, kifuniko hichohicho kilimshinda kufungua.

Mgonjwa wa baridi yabisi hahitaji kuelezwa maana ya sentensi hiyo. Amesimama dukani na chupa ya maji mkononi, ana kiu, na kifuniko hakizunguki.

Renoir alikulia Paris, katika familia isiyo na fedha nyingi. Akiwa na umri wa miaka 13 alipelekwa kujifunza kazi ya kupamba vyombo vya kauri kwa maua na sura za watu, kazi ya vidole vyepesi. Baadaye akasomea uchoraji, akakutana na Claude Monet na wengine, na mwaka 1874 wakafanya pamoja maonyesho yaliyochekwa na wengi wakati ule na kusifiwa sana baadaye. Alipovunjika mkono wa kulia mwaka 1880, alichora kwa mkono wa kushoto mpaka akapona. Mwaka 1890 alifunga ndoa na Aline Charigot, wakapata watoto watatu wa kiume: Pierre, Jean na Claude.

Ugonjwa ulianza kumwingia karibu mwaka 1892, akiwa na miaka kama 51. Mwaka 1897 alianguka kutoka kwenye baiskeli huko Essoyes, kijiji cha mkewe, akavunja tena mkono wa kulia. Mwanawe Jean, aliyekuja kuwa mtengenezaji filamu maarufu na kuandika kitabu kuhusu baba yake, alikuwa akihesabu ugonjwa kuanzia anguko hilo. Ni jambo la kawaida kabisa. Nani kati yetu hajasikia mtu akisema viungo vyake viliharibika tangu alipoanguka, au tangu alipofua nguo kwa maji ya baridi usiku?

Jina letu lenyewe, baridi yabisi, linachangia kuwapotosha watu. Baridi inaweza kumfanya mgonjwa ahisi maumivu zaidi, lakini haileti ugonjwa huu. Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Utando huvimba, na ukiachwa miezi na miaka hula gegedu na mfupa, vidole hupinda. Mara nyingi huanza na viungo vidogo vya vidole na viganja, mikono yote miwili kwa pamoja, na asubuhi mikono huamka imekakamaa kwa saa nzima au zaidi. Wanawake huupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Si ugonjwa wa wazee peke yao, na si jongo, ule wa kidole gumba cha mguu unaohusishwa na nyama na pombe.

Renoir aliishi kabla ya dawa yoyote ya kuuzuia ugonjwa huu kugunduliwa. Alikuwa na antipirini ya kutuliza maumivu, na safari za kwenda kuoga kwenye chemchemi za maji ya moto. Alikuwa pia na michezo yake: kila asubuhi kabla ya kazi alirusha na kudaka mipira midogo ya ngozi ili vidole visigande. Vidole vilipokataa kudaka mipira, akahamia kwenye kijigogo alichokirusha hewani kikizunguka. Hicho nacho kikamshinda. Alitembea na fimbo, kisha magongo. Mwaka 1907 alinunua shamba la mizeituni la Les Collettes, huko Cagnes, kusini mwa Ufaransa karibu na bahari, ambako hali ya hewa ni ya joto, na mwaka uliofuata familia ikahamia humo.

Hapo ndipo maisha yake yanapotufaa sisi. Hakuna dawa tutakayojifunza kwake. Cha kutazama ni jinsi alivyogawa nguvu kidogo zilizobaki mkononi.

Tyubu za rangi alifunguliwa. Rangi alikamuliwa na kupangiwa kwenye kibao, na kibao hakukishika kwa mkono tena, kiliwekwa mapajani au kwenye kiti. Alipoona turubai kubwa linamlazimu kunyoosha mkono juu, alitengenezewa mtambo wa kuviringisha: turubai linazungushwa mpaka sehemu anayotaka kuichora inafika mbele ya mkono wake. Turubai lilimfuata yeye. Brashi alipachikwa kati ya vidole na mtu mwingine, mara nyingi mwanawe mdogo Claude au mmoja wa wasaidizi wa nyumbani. Watu hupenda kusimulia kwamba alifungiwa brashi mkononi kwa kamba. Zile bendeji zinazoonekana katika picha zake zilikuwa na kazi nyingine: zililinda ngozi ya kiganja isichubuliwe na vidole vilivyojikunja. Brashi aliishika mwenyewe. Katika filamu fupi iliyopigwa na Sacha Guitry mwaka 1915 anaonekana akichora, na mkono unakwenda haraka kwa namna isiyotarajiwa.

Sasa twende sokoni. Mgonjwa anayetoka nyumbani na nguvu za mkono za saa mbili anazimaliza wapi? Anazimaliza kwenye vishikio vyembamba vya mfuko vinavyokata vidole, kwenye kuchomoa sarafu za mia mbili kutoka chini ya pochi huku watu nyuma wakisonya, kwenye kuminya nyanya kama zimeiva, kwenye kunyanyua mfuko wa unga wa kilo tano. Akifika nyumbani hawezi kushika mwiko. Amenunua chakula na hawezi kukipika, na kwa sababu kwa nje anaonekana mzima, anaambiwa anadeka.

Katika haya yote yapo yanayoweza kukabidhiwa kama Renoir alivyokabidhi tyubu. Kifuniko cha chupa ya mafuta au cha dawa, mwombe muuzaji akifungue palepale dukani kisha akirudishe bila kukaza. Duka la Mangi mtaani litakufanyia hivyo bila swali ukishamweleza mara moja. Unga, nunua kilo moja au mbili mara nyingi zaidi. Najua mfuko mkubwa una nafuu ya bei, lakini piga hesabu na nauli ya bodaboda wa kukubebea, na siku ya kazi utakayoipoteza mkono ukivimba. Lipa kwa simu pale panapowezekana, maana kubonyeza namba ni rahisi kuliko kuchambua chenji. Mfuko wa kitambaa wenye mikanda mipana uvae begani au uutundike kwenye kiwiko, ili uzito ubebwe na viungo vikubwa badala ya vidole. Kikapu kikiwa kizito, kikumbatie kwa mikono yote miwili kifuani.

Saa ya kwenda sokoni nayo ina uzito wake. Desturi yetu ni alfajiri, mboga zikiwa na umande na bei ikiwa bado chini. Kwa mwenye baridi yabisi alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Nenda saa nne, vidole vikishalegea, hata kama mchicha utakuwa umesinyaa kidogo. Na ukikutana na mtu anayesalimia kwa kuminya mkono, weka kiganja kifuani, uiname kidogo, umpe shikamoo yake au umuulize habari za nyumbani. Hakuna atakayeona umemdharau.

Renoir, tuseme ukweli, alikuwa na uwezo. Kufikia uzee wake picha zake zilikuwa zikiuzwa vizuri, na shamba lilitoa mafuta ya zeituni na matunda. Aline aliendesha nyumba nzima, na wasaidizi hawakukosekana. Mama anayeuza maandazi huku vidole vikimuuma hana watu wa kumkamulia rangi. Lakini fedha hazikumwondolea uamuzi mgumu kuliko wote. Karibu mwaka 1912, alipokuwa ameshaingia kwenye kiti cha magurudumu, daktari mmoja aliahidi kumfanya atembee. Jean anasimulia kwamba baada ya wiki kadhaa za lishe na mazoezi, mgonjwa alisimama kweli, akapiga hatua chache kuzunguka kisimamio cha turubai, akarudi kwenye kiti chake. Kisha akamshukuru daktari na kumwambia anaacha. Kutembea kulikuwa kunamaliza nguvu zote, hakubakiwi na kitu cha kuchorea, na kama lazima achague, anachagua kuchora. Hakutembea tena.

Sisemi kila mgonjwa aache kutembea. Leo madaktari wanataka viungo vitembezwe, na mtu aliyepata dawa mapema hana sababu ya kufika alipofika Renoir. Ninachokiona katika kisa hicho ni mtu aliyeketi akajua siku yake ina nguvu kiasi gani, na akasema wazi mbele ya daktari na familia ni wapi zitatumika. Wagonjwa wengi huona haya kusema hivyo hata kwa mume au mke. Wanabeba ndoo, wanabeba mfuko, wanameza diklofenaki ya duka la dawa kila siku bila kupimwa, na baada ya muda tumbo na figo vinaanza kulipa deni.

Mwaka 1915 vita kuu ilikuwa imewajeruhi watoto wake wawili wakubwa, Pierre mkononi na Jean mguuni. Aline, aliyekuwa na kisukari, alisafiri kwenda kumuuguza Jean, akarudi amechoka, na akafariki mwaka huohuo. Mzee akabaki kwenye kiti chake na mtoto mdogo Claude, aliyekuwa na miaka kama 14. Huyo ndiye aliyempachikia baba yake brashi mbele ya kamera.

Nawageukia wazazi hapa, maana watoto nao hupata ugonjwa wa viungo wa jamii hii, tena hata kabla ya kuanza shule. Mtoto hasemi vidole vyangu vimekakamaa. Utamwona anachelewa kuamka, anachechemea asubuhi na kucheza vizuri mchana. Ukimtuma dukani anarudi baada ya muda mrefu, amebeba sukari kwa kuikumbatia, au ameiangusha njiani. Anachapwa kwa uvivu. Kabla ya kumchapa, shika viganja vyake, magoti na vifundo vya miguu ulinganishe: kuna kilichovimba, kuna kilicho na joto? Uvimbe wa kiungo unaodumu wiki sita ni wa kupelekwa hospitali, ikibidi mpaka hospitali ya rufaa aonwe na daktari wa viungo, na macho yake yapimwe pia, kwa sababu kwa watoto ugonjwa huu unaweza kuyadhuru kimyakimya.

Renoir aliendelea kuchora mpaka mwisho. Picha yake kubwa ya wanawake wanaooga, iliyoko leo katika makumbusho ya Orsay jijini Paris, aliifanyia kazi katika miezi yake ya mwisho kwa mikono hiyo. Mwaka 1919 alipelekwa Louvre akiwa kwenye kiti, akapitishwa katika vyumba na kuona picha yake ya Madame Charpentier ikiwa imetundikwa humo. Tarehe 3 Desemba mwaka huo alifariki Cagnes kwa nimonia, akiwa na miaka 78. Baadaye alizikwa Essoyes, kijiji alichoangukia na baiskeli.

Kotisoni ilitumiwa kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa wa baridi yabisi mwaka 1948, miaka 29 baada ya kifo chake. Dawa inayotumika zaidi sasa ni methotreksati, ambayo huzuia ugonjwa wenyewe usile kiungo, na kazi yake huchukua wiki kadhaa kuonekana, kwa hiyo usiiache kwa sababu mwezi wa kwanza bado unaumwa. Vipimo vya damu kila baada ya muda ni lazima, na mwanamke anayetarajia kupata mimba amweleze daktari kabla ya kuianza. Vidonge vyake humezwa siku moja tu kwa wiki, pamoja na foliki asidi kama daktari atakavyopanga. Kuvimeza kila siku kunaweza kuua. Chagua siku usiyoisahau, ya gulio au ya ibada, iandike kwenye kalenda ya ukutani, na umwambie mtu mwingine nyumbani ni siku gani.