Daktari Mary Ainsworth na Watoto wa Uganda

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini ni malezi gani hasa humfanya mtoto mchanga ajihisi salama? Jibu hili lilitafutwa hapa hapa Afrika Mashariki na Daktari Mary Ainsworth.

Alizaliwa tarehe 1 Desemba 1913 huko Ohio, Marekani, akalelewa Toronto, Kanada. Aliingia Chuo Kikuu cha Toronto akiwa na miaka 16 tu, yaani rika letu sisi wa kidato cha tatu! Mwaka wa 1939 alipata shahada ya udaktari katika saikolojia. Wakati wa vita alijiunga na jeshi, akapanda hadi cheo cha meja.

Mwaka wa 1954 alikuja Kampala pamoja na mumewe. Siku hizo wataalamu wengi waliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ya kulishwa. Yeye pia aliamini hivyo. Basi akajifunza Kiganda, akatafuta mkalimani, akaanza kuzuru jamaa 26 zenye watoto 28 vijijini. Kila baada ya wiki mbili alikaa nao kama saa mbili, akiuliza na kutazama.

Aliyoyaona yalimbadilisha mawazo. Mtoto alitambaa kwenda kucheza, kisha akamrudia mama. Mama akiinuka kuondoka, mtoto humfuata mbio, hata kama ameshiba! Watoto 16 walikuwa na imani na mama zao, 7 walilialia hata wakibebwa, na 5 walikuwa bado hawajashikamana na mama. Mama aliyeweza kueleza tabia za mtoto wake kinaganaga mara nyingi ndiye aliyekuwa na mtoto mtulivu. Na je, mtoto aliyesaidiwa kulelewa na watu wengine? Hilo halikuonekana kumletea wasiwasi.

Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka wa 1967. Aliaga dunia huko Virginia, Marekani, tarehe 21 Machi 1999, akiwa na miaka 85.

Wenzangu, hapa Mugutha akina mama wengi hurauka kwenda vibaruani, wakiwaachia nyanya ama sisi dada zao wachanga. Wapo wanaosema mama kama huyo hajali mtoto. Mimi sikubali. Jioni akifika na kujua kilio hiki ni cha usingizi na kile ni cha tumbo, huyo anamjua mwanawe. Tusimlaumu, tumpokee mzigo.