Michael Faraday: Mjalidi wa Vitabu Aliyejifungia Ndani ya Umeme

Wakazi wengi wa Juba hupata umeme kwa jenereta au jua, na habari kwa redio. Lakini inveta hafifu, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ikiwashwa, redio ya masafa mafupi huweza kukoroma. Njia ya kuizuia kelele hiyo tuliachiwa na hayati Michael Faraday, mwana wa mhunzi, aliyezaliwa karibu na London mwaka 1791.

Shule aliiona kidogo. Akiwa na miaka 14 alitiwa uanagenzi kwa mjalidi wa vitabu, naye akavisoma alivyovijalidi. Mwaka 1813 akaajiriwa na Taasisi ya Kifalme, na mwaka 1831 akaonyesha kuwa sumaku inayosogezwa ndani ya waya uliozungushwa huzaa umeme.

Mwaka 1836 alijenga chumba cha futi 12 kila upande, akakizungushia waya na karatasi za bati, kikatiwa umeme mkali hata cheche zikaruka nje. Yeye alikuwa ndani na vipimo vyake, navyo havikuona umeme wowote. (Wasomaji wetu wasijaribu!)

Alifariki mwaka 1867, kabla ya redio. Mafundi wa leo huifunika saketi kwa kasha la chuma lisilo na nyufa. Waya wa kwenda na wa kurudi huufanya mfupi na kuusokota pamoja, maana kitanzi kipana hutangaza kelele zaidi. Kasha la plastiki ni nafuu, ila kelele hulipenya, na anayekosa taarifa ya habari ni jirani.