Maisha ya Röntgen na siri ya herufi X

Majuzi, katika somo la ukopaji wa maneno, mwanafunzi wangu mmoja aliinua mkono akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa kulijibu. Nilikuwa nimeliandika ubaoni neno eksirei ili kuonyesha jinsi Kiswahili kinavyoukataa mrundikano wa konsonanti na kupachika irabu pale ambapo Mwingereza haoni haja yake. Mwanafunzi hakujali irabu hiyo. Alitaka kujua hiyo eksi yenyewe ni nini na imetoka wapi. Nilimjibu kwa ufupi kwamba ni ile herufi ya hesabu, muda ukatuishia, tukatawanyika. Makala haya ni deni nililobaki nalo, na kulilipa hakuwezekani pasipo kusimulia maisha ya mtu aliyeichagua herufi hiyo.

Wilhelm Conrad Röntgen alizaliwa tarehe 27 Machi 1845 katika mji mdogo wa Lennep, ulioko Ujerumani ya leo. Alikuwa mtoto wa pekee wa mfanyabiashara wa vitambaa, na mamake alitokana na ukoo wa mjini Amsterdam. Alipokuwa na umri wa miaka 3 wazazi wake walihamia Apeldoorn, Uholanzi, na huko ndiko alikokulia. Darasani hakuwa mtoto wa kupigiwa mfano. Alipenda kuzurura misituni na kuunda vidude kwa mikono yake, tabia ambayo wazazi wengi wa zama zetu wangeiita upotezaji wa wakati.

Mwaka wa 1862 alijiunga na shule ya ufundi mjini Utrecht. Hapo ndipo lilipompata jambo ambalo kila mwalimu anapaswa kulitafakari. Mwanafunzi fulani alichora kikatuni cha kumdhihaki mwalimu, na Röntgen akakutwa mahali pa tukio. Alitakiwa amtaje mchoraji. Akakataa kumsaliti mwenzake. Alifukuzwa shuleni kwa kosa ambalo hakulitenda, na kwa hivyo akaikosa hati ya kuhitimu ambayo ndiyo iliyokuwa ufunguo wa mlango wa chuo kikuu. Sisemi kwamba dhihaka kwa walimu ni jambo jema. Nimewahi kuchorwa mimi mwenyewe, tena na kichwa kikubwa kuliko nilicho nacho. Lakini tujiulize ni wangapi tumewahi kuwaadhibu kwa sababu ya kunyamaza kwao.

Mwaka wa 1865 aliruhusiwa kuhudhuria masomo katika Chuo Kikuu cha Utrecht, ila si kama mwanafunzi kamili. Kisha akapata habari kwamba chuo cha ufundi cha Zurich, Uswisi, kilikuwa tayari kumpokea mtu asiyekuwa na hati hiyo. Alikwenda. Mwaka wa 1868 alifuzu katika uhandisi wa mitambo, na mwaka uliofuata akapata shahada ya uzamifu kwa utafiti wake kuhusu gesi. Mwanafizikia August Kundt alimwona, akamfanya msaidizi wake, na mwaka wa 1870 wakahamia pamoja Chuo Kikuu cha Würzburg.

Pale Würzburg jinamizi la Utrecht likamfuata. Röntgen aliomba idhini ya kufundisha kama mhadhiri, akanyimwa, kwa kuwa hakuwa na ile hati ya sekondari. Mtu mwenye uzamifu anaulizwa cheti cha utotoni! Kundt alipohamia Strasbourg mwaka wa 1872 alimchukua, na ni huko alikopata idhini hiyo mnamo 1874. Baadaye alifundisha Hohenheim, akarudi Strasbourg, kisha akapewa uprofesa Giessen mwaka wa 1879. Mwaka wa 1888 chuo kilekile cha Würzburg kilimwita awe profesa wake wa fizikia, na ilipofika 1894 kikamchagua kuwa mkuu wa chuo.

Sina budi kukiri jambo hapa. Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika kamati ya kuwasajili wanafunzi, katika chuo ambacho sitakitaja. Mbele yetu palikuwa na faili ya kijana ambaye cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa kimezuiliwa na shule yake kwa ajili ya karo iliyosalia. Alikuwa na barua ya mwalimu mkuu iliyoeleza alama zake, nazo zilikuwa nzuri. Kanuni ilidai cheti, wala haikutaja barua. Mimi niliinua mkono pamoja na wenzangu tukamkataa. Sikuyafikiria tena hadi nilipoyasoma maisha ya Röntgen, na tangu hapo faili ile hunijia kila msimu wa usajili unapowadia.

Turudi Würzburg. Mwishoni mwa karne ya 19 wanafizikia wa Ulaya walikuwa wameshughulishwa na neli za kioo zilizoondolewa hewa karibu yote, ambamo mkondo wa umeme wenye nguvu ulipitishwa ukatoa mng'aro wa ajabu. Jioni ya Ijumaa, tarehe 8 Novemba 1895, Röntgen aliifunika neli yake kwa karatasi nzito nyeusi, akazima taa, akawasha umeme. Neli haikupitisha nuru hata chembe. Hata hivyo, kando yake, kipande cha karatasi kilichopakwa chumvi ya bariamu na platini kikaanza kumeta gizani. Alipozima umeme, mmeto ukakoma, alipouwasha, ukarejea. Kitu kisichoonekana kilikuwa kikitoka ndani ya neli, kikiipenya ile karatasi nyeusi.

Si yeye wa kwanza kuwa na neli kama ile. Wenzake wengi walikuwa nazo, na bila shaka mionzi ile ilikuwa imekwisha kuwapitia mara nyingi mbele ya macho yao. Tofauti ni kwamba yeye alisimama. Kwa wiki kadhaa alijifungia maabarani, mara nyingine akila na kulala humo humo, asimwambie mtu. Aliikinga mionzi hiyo kwa mbao, kwa kitabu kinene, kwa mabamba ya metali mbalimbali. Mbao na karatasi ziliiachia ipite, risasi iliizuia. Alipoweka mkono wake katikati aliona kivuli cha mifupa yake.

Hebu tueleze kidogo, maana wanafunzi wengi hudhani eksirei ni picha kama ile ya kamera. La, ni kivuli. Ndani ya neli chembe za umeme hukimbizwa kwa kasi kubwa, na zinapogonga ukuta wa kioo au kipande cha metali zikasimamishwa ghafla, sehemu ya nguvu zake hugeuka kuwa mionzi hii. Nyama ya mwili imeundwa zaidi kwa elementi nyepesi, nayo huiruhusu sehemu kubwa ya mionzi ipite. Mfupa una kalsiamu nyingi, na kalsiamu huifyonza. Mahali ambapo mionzi imefika kwa wingi filamu hubadilika kuwa nyeusi, na mahali ilipozuiwa hubaki nyeupe. Ndiyo maana daktari anapoinua filamu mwangani, mifupa huonekana myeupe.

Tarehe 22 Disemba alimwita mkewe, Anna Bertha, maabarani. Bibi huyu alikuwa binti wa mwenye mkahawa wa Zurich, naye alimzidi mumewe umri kwa miaka 6. Aliuweka mkono wake juu ya bamba la picha kwa muda wa kama dakika 15. Bamba liliposafishwa ilitokea mifupa ya vidole, na katika kidole kimoja pete ya ndoa ikielea pasipo nyama ya kuishika. Inasimuliwa kwamba Bertha alishtuka, akasema ameyaona mauti yake. Hatuna budi kumwelewa. Hadi siku ile binadamu aliyeiona mifupa ya mwenzake aliiona ya maiti au ya majeruhi.

Tarehe 28 Disemba Röntgen aliwasilisha taarifa yake fupi kwa chama cha wanasayansi na matabibu wa Würzburg. Kwa kuwa hakujua asili ya mionzi ile, aliiita kwa herufi ambayo wanahesabu huitumia kwa kitu kisichojulikana. Basi, mwanafunzi wangu, hiyo ndiyo eksi yako: ungamo la profesa kwamba hajui.

Habari ilienea kwa kasi ya moto wa nyika. Gazeti la Vienna liliichapisha tarehe 5 Januari 1896, na tarehe 13 Röntgen alikuwa Berlin akimwonyesha mfalme wa Ujerumani maajabu yake. Tarehe 23 alitoa mhadhara Würzburg, akaupiga picha mkono wa mzee Albert von Kölliker, bingwa wa elimu ya maumbile ya mwili. Mzee huyo alisimama akapendekeza mionzi iitwe kwa jina la mgunduzi wake, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Barani Afrika vita ndivyo vilivyoivuta mapema. Wataliano waliposhindwa na Waethiopia kule Adwa mwezi Machi 1896, majeruhi waliorudishwa Naples walitafutwa risasi miilini kwa mionzi hiyo mnamo Mei mwaka uleule. Mwaka wa 1898, katika vita vya Waingereza nchini Sudan, daktari wa kijeshi Battersby alipata umeme wa mashine yake kwa kuwapanda askari kwenye baiskeli ya watu wawili wakanyage kwenye joto kali la kando ya Nile.

Mtu mwingine angetajirika. Röntgen alikataa kuchukua hataza, kwa imani kwamba ugunduzi wa mwanachuo ni mali ya walimwengu wote. Mwaka wa 1901 alipewa tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya fizikia. Fedha zake akazitoa kwa chuo chake cha Würzburg. Alipewa fursa ya kuingizwa katika tabaka la makabaila, akaikataa nayo. Hakuwa malaika, hata hivyo. Mwaka wa 1914 jina lake lilikuwa miongoni mwa majina 93 ya wasomi waliotia sahihi tangazo la kuitetea Ujerumani katika vita, tangazo lililokanusha maovu yaliyotendwa nchini Ubelgiji. Usomi haumkingi mtu dhidi ya ushabiki wa taifa lake.

Mionzi yenyewe nayo ilikuwa na madhara ambayo watu waliyatambua wakiwa wamechelewa. Clarence Dally, msaidizi wa Edison kule Marekani, aliiweka mikono yake mbele ya neli siku baada ya siku. Mikono ilioza, ikakatwa, naye akafa mwaka wa 1904. Edison aliachana kabisa na kazi hiyo. Vazi zito la risasi ambalo mpiga eksirei huvaa leo limetokana na vifo vya watu kama yeye.

Tangu mwaka wa 1900 Röntgen alikuwa Munich. Bertha alifariki mwaka wa 1919 baada ya ugonjwa mrefu. Hawakujaliwa mtoto, walimlea binti wa kaka yake Bertha tangu akiwa na miaka 6. Mfumuko wa bei uliofuata vita ulikula akiba ya mzee, na mtu ambaye angeweza kuwa milionea aliishi kwa kubana matumizi. Alifariki tarehe 10 Februari 1923 kwa saratani ya utumbo, akazikwa Giessen. Katika wasia wake aliagiza barua na daftari zake za utafiti ziteketezwe, na zikateketezwa. Mimi kama mtafiti nalisikitikia agizo hilo kuliko jambo jingine lolote katika maisha yake. Yale ya usiku ule wa Novemba tunayajua kwa masimulizi tu, ilhali mwenyewe alikuwa ameyaandika.

Sasa nirejee kwenye taaluma yangu. Wajerumani hawakuitii herufi yake. Wao husema mionzi ya Röntgen, na hata wamelifanya jina lake kitenzi. Waingereza ndio waliobaki na X, nasi tukaikopa kwao. Walipoitawala Tanganyika, Wajerumani walituachia shule na hela. Laiti neno la hospitalini nalo lingepitia njia hiyo, huenda leo tungekuwa tukipigwa rentigeni. Kwa bahati, njia tuliyoifuata imetuletea neno alilolichagua mwenyewe.

Lakini Kiswahili hakikukopa tu, kilikopesha pia. Mionzi ya X hutoka pia angani, kwenye nyota na mabaki ya nyota, ila hewa inayoizunguka dunia huifyonza isitufikie. Anayetaka kuichorea anga ramani yake sharti apeleke chombo juu ya hewa. Tarehe 12 Disemba 1970 satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi hiyo pekee ilirushwa na Wamarekani kutoka jukwaa la San Marco la Wataliano, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa siku ya kuadhimisha miaka 7 ya kujitawala kwa Kenya, na satelaiti ikaitwa Uhuru. Ilizunguka ikiipima anga hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho, ya nne, ilikuwa na vyanzo 339 vya mionzi ya Röntgen. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata tuzo ya Nobel mwaka wa 2002.

Vyanzo hivyo hadi leo wanajimu huviandika kwa tarakimu zinazotanguliwa na 4U. Mwanafunzi wangu aliniuliza kuhusu X. Nitakapoingia darasani Jumatatu nitaiandika ubaoni hiyo U, nimwulize yeye imetoka wapi.