Abushiri wa Pangani, mzee aliyeukataa mkataba wa miaka 50

Leo naomba tuziache kidogo siasa za vyama na bei ya mafuta, nimzungumzie mzee mmoja aliyekufa zamani sana, mwaka 1889. Ila mkifika mwisho mtaona kwamba wala hatujaenda mbali.

Anaitwa Abushiri bin Salim al-Harthi. Shuleni wote tulimkariri: Abushiri, Bwana Heri, Mkwawa, Kinjekitile. Mwalimu anauliza nani walipigana na Wajerumani, unataja wanne, unapata maksi zako, basi. Mimi nilimaliza form four nikiwa najua tu kwamba alipigana akanyongwa. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa nini? Nimekuja kuelewa baadaye, nikakuta kumbe chanzo ni mkataba wa kukodisha forodha na utawala wa pwani yetu. Hapo ndipo nikasema hii lazima niwaandikie.

Abushiri alizaliwa miaka ya 1830 hivi. Baba yake alikuwa Mwarabu wa ukoo wa Harthi, mama yake Muoromo. Alikuwa na shamba la miwa karibu na Pangani, wakati ambao sukari ya bonde la Mto Pangani ilikuwa biashara ya kueleweka. Niseme ukweli mapema kabisa: mashamba yale yalilimwa na watumwa. Kwa hiyo sileti hapa habari za malaika. Pia hakuwa mtu wa Sultani. Ukoo wa Harthi ulikuwa na uhasama wa siku nyingi na akina Busaidi wa Zanzibar, na yeye ikulu ya Unguja hakuipenda hata kidogo. Hilo likumbukeni.

Sasa tuje kwenye siasa za dunia. Mwishoni mwa 1884 wakubwa wa Ulaya wamekaa Berlin wanawekeana taratibu za kuigawana Afrika. Wakati huohuo kijana mmoja wa Kijerumani, Carl Peters, anazunguka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami na makaratasi yake. Machifu wanaweka alama kwenye maandishi ya lugha wasiyoijua. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikayapa makaratasi yale ulinzi wake. Sultan Barghash akalalamika kwamba kule bara ni kwake. Agosti mwaka huohuo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake na mizinga imeelekezwa kwake. Malalamiko yakaisha. Mwaka 1886 Mwingereza na Mjerumani wakakaa wenyewe wakakata ramani: bara wakagawana, Sultani akaachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10.

Hapa mtu anaweza kusema basi, Sultani si kabakiwa na pwani? Tatizo ni kwamba bara bila bandari ni hasara tupu. Pembe za ndovu nyingi zilizobebwa na wapagazi kutoka Unyamwezi na Tabora zilishukia Bagamoyo. Nguo, shanga, bunduki na baruti zilipitia hapohapo kwenda bara. Anayekaa forodhani ndiye anayekula. Kampuni ya akina Peters, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ilikuwa na nchi kubwa kwenye ramani na mfukoni haina kitu. Ilihitaji ushuru.

Barghash akafariki Machi 1888. Aprili 28 mwaka huohuo ndugu yake, Sultan Khalifa, akasaini. Kampuni ikapewa kukusanya ushuru wa forodha na kuendesha utawala wa pwani yote ya upande wetu kwa miaka 50, kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake, naye alipwe chake kutokana na mapato. Waingereza walishapewa mkataba kama huo wa Mombasa na kaskazini mwaka 1887, nao wa miaka 50. Yaani fanyeni hesabu wenyewe: aliyezaliwa siku ya kusaini angefikisha miaka 50 mwaka 1938. Na kuna mtu wa Pangani, Saadani, Bagamoyo au Kilwa aliyeulizwa? Hakuna.

Agosti 1888 kampuni ikaingia kazini. Pangani aliwekwa mtu anaitwa Emil von Zelewski, kijana mwenye mkwara wa ajabu. Alitaka bendera ya kampuni yake ipepee, na liwali alipokataa wakashushwa askari kutoka manowari. Bendera ya Sultani ikateremshwa. Ilikuwa siku za Idi kubwa, na inasimuliwa kwamba waliingia msikitini na viatu vyao na mbwa wao. Juu ya hapo zikaja amri: ushuru mpya, na wenye mashamba wasajili ardhi zao kwa kampuni na kuonyesha uthibitisho. Shamba la babu yako, unaambiwa uthibitishe kwa mtu aliyeshuka melini juzi!

Septemba pwani ikalipuka. Hapa vitabu vingi vinamfanya Abushiri kama vile yeye peke yake ndiye aliyeanzisha. Si kweli. Walioanza ni watu wa mji, majumbe, wapagazi, watumwa waliotoroka, vijana wa mitaani, Waswahili na Wazigua waliomiminika kutoka vijijini. Zelewski na wenzake wakafungiwa ndani ya nyumba Pangani. Abushiri alikuja juu kwa sababu alijua kuongoza, alijua vita, na hakuwa na deni la heshima kwa Sultani aliyesaini. Saadani alikuwepo Bwana Heri naye na watu wake. Ndani ya muda mfupi kampuni ikafukuzwa karibu pwani nzima. Kilwa maofisa wake 2 wakauawa. Ikabaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, nako kwa msaada wa manowari.

Bagamoyo ilishambuliwa Septemba 22. Askari wa majini wakawarudisha nyuma wapiganaji, na kwa miezi kadhaa mji ukawa kati ya moto na moto. Watu kwa maelfu walikimbilia misheni ya mapadri wa Kifaransa, na Abushiri aliiacha misheni ile bila kuigusa. Wageni wengine hawakuwa na bahati hiyo. Mpanda mlima Hans Meyer na mwenzake Oscar Baumann alikuwa amewatia pingu mpaka wakalipiwa fidia. Januari 1889 misheni ya Pugu ikachomwa na wamisionari wakauawa. Vita si ngoma, jamani.

Sasa angalieni serikali kubwa inavyofanya kazi. Kansela Bismarck siku zote alitaka makampuni yaendeshe makoloni kwa gharama zao. Kampuni ilipozidiwa, ikakimbilia serikalini. Wabunge wa Ujerumani wangekubali vipi kulipia hasara ya wafanyabiashara? Likatafutwa jina zuri: vita dhidi ya biashara ya utumwa. Januari 1889 Bunge lao likapitisha marki milioni 2. Utumwa ulikuwepo kweli, na ulikuwa dhambi kweli, lakini Wajerumani walitawala hapa mpaka vita kuu ya kwanza na hawakuwahi kuufuta kabisa kwa sheria. Wengine tumeshawahi kusikia vita vya siku zetu vikipewa majina mazuri namna hiyo.

Pesa ile akapewa Hermann Wissmann, akakodi Wasudani kama 600 kutoka Misri na Washangaani kutoka Msumbiji. Mei 8, 1889 akaipiga kwa mizinga boma ya Abushiri jirani na Bagamoyo, wakafa watu zaidi ya 100. Julai zikaanguka Pangani na Tanga. Abushiri alikimbilia bara, akachoma kituo cha Mpwapwa, halafu akarudi na wapiganaji wa kukodi kutoka kusini. Hili ndilo kosa lake kubwa kwa maoni yangu. Watu wale walipora vijiji vya Wazaramo, wanakijiji walewale aliotakiwa kuwa upande wao. Walipopigwa, Abushiri hakuwa tena na pa kujificha. Akasalitiwa huko Uzigua, akakabidhiwa, na Desemba 15, 1889 akanyongwa Pangani. Bwana Heri aliendelea kupigana mpaka 1890, ndipo akakubali yaishe.

Nilipofika hapa nilidhani hadithi imekwisha, kumbe bili ilikuwa bado. Mwaka 1890 Ujerumani ikanunua kabisa ule ukanda wa pwani kutoka kwa Sultani kwa marki milioni 4. Kampuni ikakopa pesa benki, na kuanzia 1891 serikali ikachukua utawala. Mkopo ule ulilipwa kwa kutumia nini? Ushuru wa forodha wa pwani yetu. Kampuni ikatengewa marki 600,000 kila mwaka kutoka kwenye ushuru huo. Kwa maneno mengine, watu wa Mrima walipigwa mizinga, wakatawaliwa, kisha wakalipa wenyewe bei ya kuuzwa kwao. Kampuni iliyoharibu kila kitu ikatoka na faida. Mimi ndiyo sehemu iliyoninyima usingizi kuliko hata kile kitanzi.

Sisi wa Bagamoyo habari za mikataba tunazijua. Mwaka 2013 ulisainiwa wa bandari kubwa na Wachina, baadaye na Oman wakaingia, ikatajwa dola bilioni 10. Jiwe la msingi likawekwa 2015. Mwaka 2019 Rais Magufuli akasema hadharani kwamba masharti, ikiwemo kukodisha kwa miaka 99, hayakubaliki. Mwaka 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yatafufuliwa. Mwaka 2023 nchi nzima ikabishana kuhusu DP World na bandari ya Dar. Sisemi haya ni sawa na ya 1888. Hakuna manowari iliyotuelekezea mizinga, na tuna Bunge letu. Wala sisemi uwekezaji ni mbaya, vijana tunahitaji ajira. Nasema maswali ni yaleyale: ni miaka mingapi, ushuru anakusanya nani, na ikija hasara analipa nani? Tofauti ni kwamba sisi tunaweza kuuliza kabla ya kusaini. Wenzetu wa 1888 waliambiwa bendera ikiwa imeshapandishwa.

Pangani mpaka leo kuna kata inaitwa Bushiri. Bagamoyo ukienda ufukweni utaonyeshwa mahali Wajerumani walipowanyonga wapiganaji. Siku ukipita hapo usipige picha tu ukaondoka. Waulize wazee. Na wewe mdau wa Pangani au Saadani, kama bibi au babu yako alikuachia simulizi yoyote ya vita hivi, iweke hapo chini tuisome wote.

Nawasilisha.