Anne Sullivan: Mwalimu aliyekubali kukosea ili afundishe

MWALIMU kijana aliyeshuka kwenye garimoshi mjini Tuscumbia, jimbo la Alabama nchini Marekani, mnamo Machi 3, 1887, alikuwa na umri wa miaka 20 na macho dhaifu. Miongoni mwa mizigo yake mlikuwa na mwanasesere, zawadi kutoka kwa wasichana wasioona wa shule aliyosomea.

Aliitwa Anne Sullivan. Mwanafunzi aliyemsubiri, Helen Keller, alikuwa akikaribia kutimiza miaka saba. Maradhi yalikuwa yamempokonya uwezo wa kuona na kusikia akiwa na umri wa miezi 19, na tangu hapo aliishi kwa ishara chache alizojibunia, hasira na mateke. Baadhi ya jamaa zake walimwona kuwa mtoto asiyeweza kufundishika.

Sullivan aliyajua vyema maisha ya mtoto aliyekatiwa tamaa. Alizaliwa Aprili 14, 1866 katika kijiji cha Feeding Hills, jimbo la Massachusetts, kwa wazazi mafukara waliohamia huko kutoka Ireland. Akiwa na miaka mitano hivi alishikwa na trakoma, ugonjwa wa macho ambao jamii za wafugaji katika maeneo kame ya Kenya zimeujua kwa miaka mingi. Mamaye alifariki, babaye akashindwa kuwalea watoto, na mnamo Februari 1876 Anne na nduguye mdogo, Jimmie, wakapelekwa katika makao ya maskini ya Tewksbury. Jimmie, aliyekuwa akiugua nyonga, aliaga dunia miezi michache baadaye.

Anne aliishi Tewksbury miaka minne zaidi. Wakaguzi walipozuru makao hayo, aliwaendea na kuwasihi wampeleke shuleni. Hivyo ndivyo alivyojiunga na Shule ya Wasioona ya Perkins jijini Boston mwaka wa 1880, akiwa na miaka 14 na hajui hata kuandika jina lake. Alichekwa na wenzake, lakini hakufa moyo. Alipofuzu mwaka wa 1886 aliongoza darasa lake, na upasuaji ulikuwa umemrejeshea sehemu ya uwezo wa kuona.

Shuleni humo alikutana na Laura Bridgman, mwanamke asiyeona wala kusikia, aliyefunzwa lugha miaka ya 1830 na mkurugenzi wa kwanza wa shule hiyo, Samuel Gridley Howe, kwa herufi zinazoundwa kwa vidole katika kiganja. Kabla ya kuondoka kwenda Alabama, Sullivan alizisoma kumbukumbu za Howe kwa makini. Alidhani amepata dira.

Dira hiyo haikumfikisha mbali. Alimpa Helen mwanasesere na kumwandikia jina lake kiganjani. Mtoto aliiga miondoko ya vidole bila kujua kwamba ile ni lugha. Aliponyimwa alichotaka, alipiga na kuvunja. Siku moja alimfungia mwalimu chumbani na kuficha ufunguo, ikabidi baba mtu alete ngazi kumtoa dirishani. Mezani alizoea kuchota chakula katika sahani za watu, na Sullivan alipomzuia, kiamshakinywa kiligeuka vita.

Ilipobainika kuwa wazazi humwonea mtoto huruma na kumwachia kila kitu, Sullivan aliomba kuishi naye peke yao katika nyumba ndogo karibu na ile kubwa. Humo Helen alianza kutulia na kujifunza maneno mengi ya vidole. Hata hivyo, alichanganya kikombe na kinywaji kilichomo, na kila maelezo yalizidisha mkanganyiko.

Mnamo Aprili 5, 1887, baada ya somo jingine kuambulia patupu, Sullivan alimpeleka kwenye pampu uani. Maji yalipokuwa yakitiririka kwenye mkono mmoja wa mtoto, mwalimu aliandika jina la maji katika mkono wa pili. Helen akasimama kimya, kisha uso wake ukang'aa. Alikuwa ametambua kwamba kila kitu kina jina. Kwa saa chache tu aliongeza maneno mapya 30 hivi.

Wengi huishia hapo wanapomsimulia Sullivan, ilhali uamuzi wake mkubwa ulifuata siku chache baadaye. Alikuwa amemtazama binamu ya Helen, mtoto wa miezi 15, na kugundua kwamba anaelewa mengi kabla ya kuweza kusema, kwa kuwa watu humsemesha mchana kutwa. Akaacha vipindi rasmi. Alianza kumsemesha Helen kiganjani kwa sentensi kamili, jikoni, bustanini na njiani, akifuata kilichomvutia mtoto wakati huo. Jiografia waliisoma kando ya Mto Tennessee, wakijenga mabwawa ya kokoto na kufinyanga ramani za udongo zenye milima na mabonde ya kupapasa. Kufikia mwisho wa Agosti mwaka huo, Helen alijua maneno 625.

Njia hiyo haikukosa mitego. Mnamo 1892 iligunduliwa kwamba hadithi aliyoiandika Helen ilifanana mno na ya mwandishi Margaret Canby. Mtoto alikuwa amesomewa hadithi hiyo zamani, akasahau, na maneno yakabaki akilini kama yake. Alihojiwa na jopo katika shule ya Perkins, naye Sullivan akashukiwa kumdanganyia. Kura ziligawanyika sawa kabla ya mkurugenzi kuamua kwa upande wao, lakini Helen aliogopa kuandika kwa muda mrefu.

Kati ya 1900 na 1904 Sullivan alihudhuria pamoja naye masomo ya Chuo cha Radcliffe, akimwandikia mihadhara kiganjani na kumsomea vitabu huku macho yake mwenyewe yakizidi kudhoofika. Helen alihitimu kwa heshima, akawa mtu wa kwanza asiyeona wala kusikia kupata shahada ya chuo kikuu. Mwalimu wake hakupewa cheti chochote siku hiyo. Chuo Kikuu cha Temple kilimtunuku shahada ya heshima miaka mingi baadaye, mnamo 1932.

Sullivan alipofuka kabisa kabla ya kufariki Oktoba 20, 1936, jijini New York. Helen alikuwa kando ya kitanda, amemshika mkono, mkono uleule uliokuwa umemsemesha kwa karibu miaka 50.