Mstari wa Bill Klem

Wengi wetu hatujawahi kutazama besiboli, mchezo unaopendwa sana Marekani. Kwa kifupi, mmoja hurusha mpira, mwingine husubiri na gongo, na nyuma yao husimama mwamuzi ambaye lazima aamue papo hapo kila mpira unaopita. Hakuna uamuzi wake usiomuudhi mtu.

William Klem, aliyejulikana zaidi kama Bill, alizaliwa Rochester, jimbo la New York, mwaka 1874. Aliingia National League mwaka 1905, akachezesha humo hadi 1941. Alisimamia fainali za World Series mara 18, na hakuna mwamuzi mwingine aliyefikia idadi hiyo.

Enzi zile mwamuzi alikuwa mtu wa kutukanwa. Watazamaji walimrushia chupa, na John McGraw, kocha wa New York Giants, alijulikana kwa kuwaandama waamuzi bila huruma. Klem alipata dawa yake. Akizongwa, alisikiliza kidogo, kisha akachora mstari mavumbini kwa ncha ya kiatu, akageuka na kuondoka. Aliyeuvuka alitolewa uwanjani, awe nyota au mgeni. Sisi tunaupenda mstari ule. Mwenye hasira aliruhusiwa kulalamika, lakini alionyeshwa pa kuishia. Klem naye ulimfunga, kwani baada ya kuuchora ilimpasa aupe ugomvi kisogo.

Oktoba 1908 Giants na Chicago Cubs walilingana kileleni, ikabidi mchezo mmoja uamue bingwa wa ligi. Kabla ya mchezo huo Klem na mwenzake James Johnstone waliahidiwa fedha ili waisaidie Giants. Walikataa, wakatoa taarifa, na Cubs wakashinda. Mtu ambaye hujuma za McGraw hazikumtikisa hakutikiswa na noti pia.

Hata hivyo tusimpake rangi ya malaika. Wachezaji walimbandika jina la Kambare kwa sababu ya midomo yake, naye hakulivumilia kabisa. Aliyelitamka alitolewa, hata kama hakukuwa na ubishi wowote juu ya mchezo. Kwa maoni yetu hapo hakuwa akilinda kazi. Alikuwa akijilinda mwenyewe, na wachezaji, kama wanafunzi wa bweni wanaojua udhaifu wa mlezi wao, waliendelea kumchokoza. Ila kwa McGraw alikuwa muungwana: alipambana naye vikali uwanjani, lakini alimsifu kama mtu mwema na mkarimu nje ya uwanja.

Alipenda kujigamba kwamba hajawahi kukosea. Baadaye alifafanua kuwa alimaanisha moyoni: hakuna siku aliyoamua kinyume na alichoamini ameona. Kisha, mwaka 1941, alimtoa mkimbiaji mmoja, mchezaji akabisha, na Klem akajikuta anadhani tu kwamba ameona sawasawa, bila ile hakika aliyoizoea. Alikuwa na miaka 67. Aliacha kuchezesha, akabaki mkuu wa waamuzi wa ligi hadi kifo chake mwaka 1951.

Mwaka 1953 Klem aliingizwa katika Jumba la Mashuhuri wa Besiboli, Cooperstown, pamoja na Tommy Connolly. Hao ndio waamuzi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Connolly, mzaliwa wa Manchester, Uingereza, alikuwa mpole wa sauti, na husimuliwa kuwa alichezesha miaka kumi mfululizo bila kumtoa mchezaji hata mmoja.