Okot p'Bitek: Mshairi Aliyejifasiri

Mfasiri kwa kawaida huikuta kazi ya mwingine na kuivusha hadi lugha nyingine. Okot p'Bitek ni miongoni mwa watunzi wachache wa Afrika Mashariki waliozivusha kazi zao wenyewe. Kwa sababu hiyo, maisha yake ni somo muhimu kwa mwanafunzi wa ushairi na wa tafsiri.

Okot alizaliwa mwaka 1931 mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa mwalimu. Mama yake alikuwa mwimbaji na mtunzi wa nyimbo za Kiacholi. Urithi huo wa pande mbili, yaani darasa na uwanja wa ngoma, ndio uliomlea. Alisomea Gulu High School na King's College, Budo, na mwaka 1953 akachapisha riwaya ya Kiacholi, Lak Tar, inayomsawiri kijana anayetaabika kutafuta mahari.

Mwaka 1956 alikwenda Uingereza akiwa mchezaji wa timu ya kandanda ya Uganda. Baada ya ziara alibaki huko masomoni: ualimu huko Bristol, sheria huko Aberystwyth, kisha anthropolojia ya jamii katika Chuo Kikuu cha Oxford. Huko Oxford alikerwa na wataalamu waliowaita Waafrika washenzi. Hasira hiyo ilizaa kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu namna wasomi wa Magharibi walivyozipotosha dini za Kiafrika.

Kilele cha kazi yake ni utungo wa Kiacholi, Wer pa Lawino. Humo mke wa kijijini anamlalamikia mumewe Ocol, msomi anayeidharau mila ya kwao. Okot aliufasiri mwenyewe kwa Kiingereza, na Song of Lawino ikachapishwa Nairobi mwaka 1966. Nakala ya Kiacholi ilifuata mwaka 1969. Hivyo basi, tafsiri ilitangulia kusomwa kabla ya matini chasili.

Mbinu yake ya kufasiri yafaa kuchunguzwa. Methali ya Kiacholi kuhusu mmea wa boga kwenye mahame hakuibadilisha kwa methali ya Kiingereza. Aliiacha na taswira yake, msomaji aizoee. Aidha, hakujilazimisha kufuata vina na mizani ya Kiingereza, bali aliufuata mwendo wa sauti ya mwimbaji. Hata hivyo, hakukosa wakosoaji. Taban lo Liyong alishikilia kwamba uzito wa Kiacholi ulipungua katika Kiingereza, na mwaka 2001 akatoa tafsiri yake mwenyewe. Mjadala huo unatukumbusha kuwa hata mtunzi anapoifasiri kazi yake, kuna kinachobaki ng'ambo.

Okot alipata kuwa mkurugenzi wa kituo cha utamaduni cha taifa mjini Kampala, lakini hakudumu. Matamshi yake dhidi ya watawala wa Uganda, aliyoyatoa akiwa Zambia, yalimponza. Alihamia Kenya, akaandaa tamasha la sanaa mjini Kisumu mwaka 1968, kisha akafanya kazi katika Chuo Kikuu cha Nairobi hadi mwaka 1978. Uhamishoni alichapisha Song of Ocol, jibu la mume, mwaka 1970. Song of Prisoner na Song of Malaya zilitoka pamoja mwaka 1971 na kumpatia Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1972. Hali kadhalika, alizirudia nyimbo za wazee wake: Horn of My Love (1974) ni mkusanyiko wa nyimbo za Kiacholi pamoja na tafsiri zake.

Nasi wa Kiswahili tumefaidika. Paul Sozigwa alitupa Wimbo wa Lawino mwaka 1975, wakati ambapo wanamapokeo na wanamabadiliko walikuwa wakizozana kuhusu mashairi yasiyo na vina na mizani.

Baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979, Okot alirejea nyumbani. Alifariki Kampala tarehe 20 Julai 1982, akiwa profesa wa utunzi wa kubuni katika Chuo Kikuu cha Makerere. Alikuwa na umri wa miaka 51 tu.

Okot anatuachia swali zito. Lugha zetu ndogo zimejaa tungo ambazo hazijaandikwa wala kufasiriwa. Yeye alianza na nyimbo za mamaye. Je, mwanafunzi wa Kiswahili ataanza na zipi?